Sijambo, Ila

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka bila ya kutaka kuikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kliniki ya waja wazito, na mimi nilikuwa muuguzi wa miaka ishirini na sita katika zahanati moja ya bara, mbele ya Ganda ukitoka Malindi, ndani kule. Jina la mahali nitaliacha. Wenyewe wapo hai, na niliyowatendea si mambo ya kutangaza.

Nakuhadithia kwa sababu ya ile karatasi uliyoniletea Ijumaa. Wewe Salma ni mtoto wa mdogo wangu, nimekulea, nimeuza minazi yangu ukasomea uuguzi, kisha nimekutazama ukikaa nyumbani miaka miwili na cheti chako kwenye bahasha. Sasa kazi imetoka. Ni ya mkataba, ni zahanati ya bara, na utakuwa peke yako. Ukaniamkia vizuri, ukaiweka karatasi mezani, ukasema, "Mama mkubwa, wewe wawajua wakubwa wa afya. Nipigie simu moja tu, nibadilishwe niletwe mjini." Nikanyamaza, nawe ukaondoka ukidhani nimekukasirikia. Nilikuwa na hasira, ndiyo, na hadi leo ninayo, lakini haikuanza kwako. Keti nikwambie ilikoanzia.

Mimi ni mtoto wa Takaungu. Kwetu, mtoto akipita barazani bila ya kusalimu, huitwa akarudi, akaulizwa ni mtoto wa nani, na habari ikifika nyumbani huwa imekwisha kuwa fimbo. Mamangu, Mungu amrehemu, aliwahi kunirudisha njia nzima nikamwamkie mzee mmoja kiziwi. Mzee hakunisikia, na bado ikabidi niseme shikamoo mara mbili. Ndivyo nilivyolelewa. Nakwambia haya mapema ili ujue kwamba nililolifanya baadaye sikulifanya kwa kutojua.

Zahanati ile tulipangiwa wauguzi wawili. Mwenzangu akaenda likizo ya uzazi, na likizo ilipokwisha akapelekwa mjini. Nikaambiwa, "Ngoja, mwingine yuaja." Nikangoja miezi kumi na mmoja. Chanjo ni mimi, vidonda ni mimi, kuzalisha ni mimi, kugawa dawa ni mimi, kuandika ni mimi, na kufagia kukiisha yote hayo ni mimi. Watu wa ofisini wana jina la hali hiyo, huiita upungufu wa wafanyakazi. Ni jina la adabu sana. Mimi naiita kumtupa mtu, tena kutupa wawili, muuguzi na mgonjwa wake.

Kila siku foleni ilianza kabla sijafungua mlango. Na wajua sisi watu wa pwani hatuanzi na shida. Mtu huja akakaa, mkaanza: Hujambo? Sijambo. Watoto? Hawajambo. Wazee? Hawajambo. Habari za tangu juzi? Njema. Na Wagiriama wa kule wana yao zaidi, watakuuliza mvua ya kwenu, watakuuliza mihogo, watakuuliza mama yako ambaye hawajapata kumwona. Hayo yote yakishakwisha, ndipo mtu avute pumzi na kusema, "Sijambo, ila…" Baada ya hiyo ila ndiko kuliko na ugonjwa. Kabla yake hakuna kitu, hata mtu awe yuafa.

Mimi nikaona salamu zanila siku. Nikachukua boksi la dawa, nikakata ubavu mmoja, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, herufi kubwa: TAFADHALI USISALIMU. SEMA UGONJWA. Nikakibandika kibao changu mlangoni. Waliojua kusoma wakawasomea wasiojua. Mwanzo walicheka, wakidhani ni mzaha wa watu wa Takaungu, kisha wakaona nimekaza uso, wakanyamaza. Foleni ikaenda mbio kweli. Nikajisifu, nikasema kumbe dawa ilikuwa ndogo hivi. Na wazee wenye mvi wakawa wanapita mbele ya meza yangu, na simwamkii hata mmoja.

Sasa ile Jumatatu akaja Kadzo. Alikuwa wa rika langu, ana mimba ya pili, imefika mwezi wa nane. Zamani, kabla ya kibao, alikuwa hodari wa maneno, akija kliniki hadi mstari mzima wacheka. Siku hiyo alikaa, akatazama mlangoni, akafungua kinywa, akakifunga.

"Ugonjwa?" nikamwuliza, kalamu mkononi.

"Sina ugonjwa. Nimekuja kliniki."

Na kweli, mimba si ugonjwa. Nikampima tumbo, nikasikiliza moyo wa mtoto, ulikuwa wapiga vizuri. Ikabaki presha. Mashine ilikuwa moja, mkanda wake wavuja, ikitaka upime mara mbili tatu ndipo uamini. Nikaitazama foleni ilivyofika hadi nje kwenye jua. Nikaitazama kadi yake, presha ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri. Nikaiandika ile ile.

Nisikilize vizuri hapo, Salma, maana hilo sijawaambia watu wengi. Sikupima. Niliandika tu, nikapiga muhuri, nikaita anayefuata.

Jumatano asubuhi ikaja pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, imemlaza Kadzo nyuma, kifafa cha mimba kimemshika, povu mdomoni. Nikampa nilichokuwa nacho, nikafunga zahanati kwa kufuli, nikapanda naye hadi hospitali kubwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakabaki wamesimama wanatutazama. Mle nyuma alikuwamo mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Sidi, ambaye watu wote walimwita Hawe Sidi, maana hawe kwao ni nyanya. Alikuwa amempakata Kadzo kichwa. Akaniambia, pasina kunitazama, "Tangu Jumamosi kichwa chamuuma. Uso umevimba, na macho yaona vimulimuli. Nikamwambia, Jumatatu umweleze daktari." Daktari ndiye mimi, ndivyo walivyoniita.

Ishara zote hizo, mwanangu, kila muuguzi azijua hata akiamshwa usingizini. Na Kadzo alikuja nazo hadi mezani kwangu, akarudi nazo nyumbani.

Kadzo alipona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Nilipokwenda kumwona wodini nilimwuliza, na hata leo sijui nilipata wapi uso wa kumwuliza, kwa nini hakuniambia. Hakunikasirikia. Akasema polepole, kwa ulimi mzito, "Ningeanzia wapi, daktari? Hatukusalimiana."

Ungedhani nilirudi nikakiondoa kile kibao. Sikukiondoa. Ukaidi wa ujana, au haya, maana kukiondoa ilikuwa ni kukiri mbele ya watu. Wiki zikapita. Hata siku moja ya kliniki, foleni imejaa, Hawe Sidi akaja akasimama mlangoni, chini ya maandishi yangu.

Nikamwambia, "Pita ukae, mama. Ugonjwa?"

"Sikai. Nangoja shikamoo yangu."

 Nikasimama. 

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wazee wa Takaungu?"

"Hawajambo."

"Chakula wala?"

"Nala."

"Usingizi waupata?"

Nikafungua kinywa niseme naupata, kikakataa. Miezi yote ile hakuna mtu aliyeniuliza, na mwenye kuwazuia wasiniulize ni mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Nikasema, "Sijambo, hawe, ila…" na hiyo ila ikanishinda. Nikalia mbele ya foleni nzima, muuguzi na sare yake. Nikamwambia niko peke yangu. Nikamwambia nalala na viatu. Na presha nayo nikamwambia, kwamba sikuipima, niliiandika. Niliona ni heri anipige mbele ya watu kuliko kuendelea kuitwa daktari.

Hakunipiga.  Akasema, "Mjukuu wangu harudi. Jambo hili mimi nitalibeba, na wewe utalibeba, wala sitakupunguzia. Lakini nakuuliza. Hao wakubwa wako wajua kwamba uko peke yako?"

"Wajua."

"Umewaambia?"

Nikaenda kabatini nikatoa faili ya ripoti za mwezi. Chini ya kila ripoti kulikuwa na nafasi ya maoni ya muuguzi. Hawe Sidi hakujua kusoma, akanitaka nimsomee. Nikasoma ya mwezi wa kwanza: Kazi inaendelea vizuri. Ya mwezi wa pili: Kazi inaendelea vizuri. Nikasoma zote kumi na moja, moja moja, na kila moja ilikuwa na maneno yale yale. Kwa nini niliandika hivyo? Kwa sababu anayelalamika huitwa mkorofi, na mkorofi hapewi uhamisho mzuri. Nilikuwa nasema sijambo kwa ofisi, ili siku moja wanione mtoto mwema waniondoe pale.

Hawe Sidi akatikisa kichwa. "Kumbe nawe hukusema ugonjwa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya zahanati, na kifo hakikuniumbua mimi, kilimwendea mtoto wa mwenzangu. Hicho ndicho wahenga walichosahau kukitia.

Bibi yule akakibandua kibao, akakikunja, akakitia kwapani. Alhamisi akaja na lori la mahindi lililojaa wanawake, kila mmoja na kadi yake ya kliniki, wakanipakia na mimi. Tukaenda hadi ofisi ya mkubwa wetu wa afya. Alikuwa mtu wa mji wa kale, wa kanzu siku ya Ijumaa, mwenye adabu zake. Wanawake wakapanga foleni nje ya mlango wake, wakaingia mmoja mmoja.

"Hujambo, bwana?" "Sijambo, mama." "Watoto?" "Hawajambo." "Watu wa nyumbani?" "Hawajambo. Nanyi?" "Hatujambo, ila zahanati yetu ina mtu mmoja." Akatoka, akaingia wa pili. Hujambo, bwana? Watoto? Mvua ya huku? Hatujambo, ila zahanati yetu ina mtu mmoja. Akaingia wa tatu. Mtu wa pwani aliyelelewa hawezi kumkatia salamu mwanamke aliyekuja kutoka mbali, na wao walilijua hilo vizuri sana. Kufika wa kumi, kalamu alikuwa ameifunga. Kufika wa ishirini akashindwa, akasema kwa upole, "Jamani mama zangu, nawaomba, salamu nimezipokea zote. Semeni shida moja kwa moja."

Zamu ilikuwa ya Hawe Sidi. Akatoa kibao kwapani, akakikunjua juu ya meza yake, kwenye makaratasi yake, akakipapasa kwa kiganja hadi kikalala sawasawa. TAFADHALI USISALIMU. SEMA UGONJWA.

"Basi tumefika pamoja, bwana," akasema. "Kilichomuua mjukuu wangu ni hiki. Na huyu aliyekiandika ni wako."

Yule bwana akasoma, akanitazama nilikokuwa nimejibanza mlangoni. "Wewe nesi, mbona ripoti zako zasema kazi yaendelea vizuri?"

Nikamjibu, "Niliandika uongo, bwana. Na presha ya mgonjwa pia niliandika uongo." 

Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Na baada ya wiki mbili akaletwa muuguzi wa pili. Wiki mbili tu. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, mwanangu, na haijapata kulala. Kumbe alikuwepo. Miezi kumi na mmoja tunaambiwa hakuna, na lori moja la wanawake limemtoa kwa siku kumi na nne. Alikuwa amewekwa wapi siku zote hizo? Kadzo angepimwa presha na nani, kama si yeye?

Na sasa watazame hao wakubwa. Mimi nimestaafu, magoti yamekwisha, zahanati zimepakwa rangi, zina umeme wa jua, zina mabango. Ukisogea unakuta kufuli. Ile uliyopangiwa si ile yangu, lakini ni ndugu yake, imefungwa tangu muuguzi wake aende zake. Nawe siku zote hizo umekaa hapa kwangu unachambua mchicha na cheti chako kwenye bahasha. Mlango umefungwa kwa kukosa muuguzi, na muuguzi yuachambua mchicha kwa kukosa mlango. Nani atanieleza akili ya jambo hilo? Wenzako wamekwenda Uarabuni na Uingereza kuwauguza wazee wa watu, na siwalaumu, mtu huenda anakoitwa. Nawalaumu wasiowaita.

Kisha wawakalishe kwenye mikutano wawahubirie kwamba uuguzi ni wito. Wito ni wa Mungu, sikatai. Mshahara kwa wakati wake na mwenzako wa zamu, huo si wito, huo ni wajibu wa aliyekuajiri. Nami waliniambia mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia hadi meno yameng'oka, na hiyo mbivu sijaiona. Waliokula ni wengine.

Kwa hiyo simu uliyoitaka sitaipiga. Nikiipiga utaletwa mjini, na kule atapelekwa mtoto wa mtu asiyekuwa na mama mkubwa wa kupiga simu, au hatapelekwa mtu, na kufuli litabaki. Wanawake wa kule watazaa vilevile, mimba haingoji barua. Nenda, Salma. Lakini usiende nilivyokwenda mimi.

Usikubali kuandika nambari ambayo hukuipima, hata foleni ifike baharini. Heri watu kumi wapimwe na wengine warudi wamekasirika, kuliko wote waondoke na muhuri wa uongo. Aliyekasirika atapiga kelele ofisini, naye atakusaidia. Aliyedanganywa hana la kusema hadi maji yazidi unga.

Usikate salamu. Watakuja wakufunze njia za kwenda mbio, nawe utaona zinafaa, kama nilivyoona mimi. Mwache mtu akuulize mihogo ya kwetu. Mjibu. Ngoja aivute ile pumzi yake, na akinyamaza kabla ya ila, muulize wewe, "Ila?" Mtazame uso akijibu.

Na wewe mwenyewe, ukiulizwa na ofisi kazi yaendeleaje, usijibu vizuri na hali si vizuri. Andika uko peke yako. Andika mashine yavuja. Andika kila mwezi, kwa herufi kubwa, ubaki na nakala. Watakuita mkorofi, na mimi nakuombea Mungu wakuite hivyo. Kijana mwema ndiye aliyeandika kazi inaendelea vizuri mara kumi na moja. Na siku ya kwanza, kabla hujafungua dirisha la dawa, waulize mama wa kule ni nani kati yao anayesikilizwa, umwendee ukamwamkie. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kadzo nakutana naye bado, sokoni Malindi, huja na maembe na korosho za shambani kwake. Alijaaliwa watoto wengine, wakubwa sasa. Akiniona huweka kikapu chini, tukasalimiana kwa kituo, watoto, wazee, mvua, tangu juzi. Hufika kwenye njema, akanyamaza. Mimi kila mara husimama pale nikingoja ila yake, maana namjua anayo, nami ndiye niliyempa. Hajapata kuitoa. Huinua kikapu chake akaenda, na mimi hurudi nyumbani nimechelewa kupika.

Simu, kusema kweli, nimepiga. Nimewapigia leo asubuhi, nikawaamkia, nikawauliza watoto na wazee wao, kisha nikawauliza mwenzako wa pili yuaja lini. Wamesema ngoja, yuaja. Nimewaambia neno hilo nalijua, na nitapiga kila Jumatatu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani na akukute ulikofika. Aipe mikono yako wepesi na moyo wako uthabiti. Wanaozaa mikononi mwako wazae salama, na usiandike jambo ambalo hukuliona. Nami nitakupigia kila jioni nikuulize hujambo, nawe utaniambia sijambo, mama mkubwa, kama ulivyofunzwa. Sitaikata simu hapo. Nitakaa nayo sikioni, nikingoja ila yako.